Alama za vidole benki

SWALI: Nilipofungua akaunti hapa Moshi nilibonyeza kidole kwenye mashine. Je, benki inaweza kubaki na alama yangu?

JIBU: Kulinganisha kidole na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ni jambo moja, kuihifadhi alama ni jingine. Uliza lipi limefanyika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaiweka alama ya kidole kwenye taarifa nyeti, hivyo kwa kawaida ridhaa huwa ya maandishi. Soma fomu kabla ya kusaini. Namba ya siri ikivuja utabadilisha, kidole je? Andikia benki barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikupuuza, lalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mashine ikikataa vidole vilivyosuguliwa na jembe, nawa, kausha, jaribu kingine.