Mtoto mmoja, walezi watatu: nani amwadhibu aking'ata wenzake?

SWALI: Mwanangu ana miaka 2 na miezi 4. Nikiwa kazini anabaki na bibi yake na dada anayetusaidia. Aking'ata mwenzake, bibi humchapa mkononi, dada humpa simu anyamaze, nami nikirudi jioni na kusimuliwa humkalisha kwenye kona. Bado anang'ata. Tufanyeje?

JIBU: Mama, nianze na hiyo kona ya jioni, maana unaweza kuiacha leo. Mtoto wa umri huo hawezi kuunganisha adhabu ya saa kumi na mbili jioni na kosa la saa nne asubuhi. Anachokiona ni kwamba mama aliyemngoja kutwa amerudi na hasira. Tena anaadhibiwa mara ya pili kwa kosa lililokwisha kuamuliwa, na hapo haki haipo. Aliyekuwepo akishalishughulikia, limekwisha. Ukisimuliwa, uliza lilianzaje, kisha mpokee mwanao.

Jibu la swali hilo ndilo litakalowasaidia. Watoto wadogo hung'ata kwa kuwa maneno hayajawatosha: kanyang'anywa kitu, kachoka, ana njaa. Magego ya pili nayo huota kati ya miezi 23 na 33, na fizi huwasumbua.

Kumchapa sishauri. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwataka wazazi waache kupiga, katika mwongozo wake wa 2018, na kwa mtoto anayeumiza wenzake kofi linamfundisha kilekile mnachomkataza. Simu nayo ni tuzo. Tabia inayotuzwa mara mojamoja ndiyo ngumu kuiondoa, kwa hiyo mkiikatiza tegemeeni azidishe vurugu kwa siku kadhaa kabla hajaacha. Dada simlaumu, pengine hajaambiwa afanye nini badala yake.

Afanye hivi, na ninyi vivyo hivyo: amtenganishe, ambembeleze kwanza aliyeng'atwa, kisha achutame, amtazame machoni na kumwambia, "Hapana. Kung'ata kunaumiza." Maneno yawe yaleyale kinywani mwa wote watatu. Halafu ampe neno la kutumia, kama "changu" au "nipe", na mchezo uendelee.

Kwa bibi, usiende na amri. Kaeni wote mtoto akiwa amelala, umwombe yeye aanze kueleza anayoyaona mchana, maana saa nyingi ni zake. Ikiwa ni mama mkwe, mumeo awepo na azungumze yeye. Kubalianeni mambo mawili tu: kuumiza mtu, na hatari kama moto au barabara. Bibi akimruhusu kuruka juu ya kochi nawe hutaki, liache. Watoto hujua mapema kwamba kwa bibi kuna hivi na kwa mama kuna vile. Na asisahihishwe mbele ya mtoto, hata akiteleza.

Hujaniambia anaongeaje. Kama bado haunganishi maneno mawili, mathalani "nipe maji", mpeleke akapimwe masikio na usemi mapema, usingoje kwanza aache kung'ata.