Maswali ya Wasomaji: Seva ya Dukani Haionekani Kutoka Nje

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kompyuta za duka la vipuri hapa Mwanza. Programu ya stoo ipo kwenye seva ya dukani, na mwenye duka, aliyeko Dar es Salaam, anataka kuifungua kwenye kivinjari chake. Nimefungua mlango (port) wa 80 kwenye rauta lakini hakuna kinachoingia. Nimekosea wapi?

JIBU: Huenda hukukosea popote. Tazama anwani ya IP ambayo rauta imepewa na kampuni ya intaneti: ikianzia na 100.64 hadi 100.127, hiyo ni anwani ya ndani ya kampuni, ambamo wateja wengi hutoka nje kwa anwani moja, na hata ungefungua milango yote ya rauta yako, mgeni angeishia getini kwa kampuni.

Basi geuza mwelekeo. Kuta za moto (firewall, vichujio vya mtandao) nyingi huwazuia wanaoingia na kuwaachia wanaotoka, kwa hiyo seva ya duka ndiyo itangulie kupiga hodi. Kodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, kisha ukiwa kwenye seva ya duka andika amri hii ya ssh, programu ya kuunganisha kompyuta mbili kwa usalama:

ssh -N -R 8080:localhost:80 jina@seva-ya-nje

Hilo ni handaki: kinachofika mlango wa 8080 kule nje hurudi kwa njia ileile iliyofunguliwa kutoka ndani. Wengi hushangaa kwamba mlango huo hauonekani na dunia, kwa kuwa ssh huufungia kwenye 127.0.0.1 (anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe) ya seva ya nje, nami nakushauri uuache hivyohivyo. Ya kukaa barazani na kupokea wageni iwe nginx, programu ya seva ya wavuti, ikiwa proksi ya kinyume, yaani mpokezi anayepitisha maombi kwa seva iliyo nyuma yake: isikilize mlango wa 443 (wa HTTPS) kwa cheti cha usalama cha Let's Encrypt, idai nywila, ndipo ipeleke maombi kwa proxy_pass http://127.0.0.1:8080. Usisahau kichwa cha X-Forwarded-For, kinachobeba anwani halisi ya mgeni, la sivyo kumbukumbu za programu zitaonyesha kwamba kila mgeni alitokea 127.0.0.1.

Usumbufu hasa huja umeme ukikatika. Muunganisho wa zamani huweza kubaki umeshikilia 8080, na ule mpya ukaunganishwa bila handaki, huku kila kitu kikionekana kizima. Weka ServerAliveInterval 30 na ExitOnForwardFailure yes upande wa duka, ClientAliveInterval 30 upande wa seva ya nje, ili muunganisho uliokufa au uliokosa handaki ukatwe, kisha iachie autossh, programu inayoiwasha ssh upya, kazi ya kujaribu tena. Na kama ukuta wa moto ungekuwa wa mwajiri wala si wa duka lenu, ningekutaka upate kibali chake kwanza.