Kadi ya Gigabaiti 8 Inapouzwa kwa Gigabaiti Zake

SWALI: Kompyuta yangu ya kuchezea gemu ina kadi ya grafiki ya GTX 1650 yenye gigabaiti 4, na gemu mpya zinakwamakwama. Muuzaji ananishawishi nichukue RX 580 iliyotumika, kwa kuwa ina gigabaiti 8 na hivyo kasi yake ni maradufu. Nimsikilize?

JIBU: Hapana. Gigabaiti hueleza kiasi cha data ambacho kadi huweza kushika kwa wakati mmoja, wala hazielezi kasi ya kuichakata. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data huanza kuvutwa kutoka kwenye RAM ya kompyuta na gemu hukwama. Isipojaa, gigabaiti za ziada hukaa bure. Hata kasi ya kumbukumbu yenyewe haitegemei gigabaiti: kwa mfano, kadi ya GT 1030 ya mwaka 2017, yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5, hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Ile yenye kumbukumbu ya aina ya DDR4 iliyotoka mwaka 2018, kwa jina lile lile na gigabaiti 2 zile zile, hupitisha takriban 17 tu. RX 580 kamili (ipo pia iliyopunguzwa, kama utakavyoona hapa chini) inaishinda GTX 1650 kwa kiasi fulani, lakini maradufu ni uongo.

Kwanza punguza nukta za skrini kutoka 1920×1080 hadi 1280×720, urudie sehemu ile ile ya gemu. Idadi ya fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, isipopanda, tatizo huenda liko kwenye prosesa, na kadi mpya haitalitatua. Kumbuka pia kwamba GTX 1650 nyingi hutosheka na wati 75 za sloti inamochomekwa, ilhali RX 580 huhitaji takriban wati 185 na waya wake wa umeme. Usiunganishe waya huo kwa adapta za ovyo.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba imani hii ya gigabaiti ndiyo inayowalisha matapeli. Ipo RX 580 yenye vichakataji vidogo vya ndani ya kadi 2048 badala ya 2304, na zipo kadi kuukuu ambazo BIOS yake (programu ndogo iliyo ndani ya kadi) imebadilishwa ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya, hata Windows ikadanganyika. Kabla ya kulipia kadi yoyote iliyotumika, fungua programu ya GPU-Z, inayoonyesha taarifa za kadi, linganisha idadi ya vichakataji na aina ya kumbukumbu na takwimu za mtengenezaji, kisha uiendeshe kwa mzigo mzito kwa nusu saa. Muuzaji akikataa ukaguzi huo, mrudishie kadi yake.