Juu Waende Wenye Miadi, Chini Mtuachie Wauza Duka

Ndugu mhariri,

Wiki hii mmeuliza: jengo la maduka la pembezoni mwa mji likichakaa na wateja wakalikimbia, livunjwe, likarabatiwe, au ligeuzwe kitu kingine? Mimi nasema ligeuzwe, ila kwa nusu yake tu. Ghorofa za juu zibadilishwe kazi kabisa. Chini pabaki maduka, tena madogo kuliko yalivyokuwa. Habari za kuvunja tumwachie mwenye hela za kuchezea.

Nasema haya nikiwa muuza vitenge na mashuka hapa Mbeya. Niliwahi kupanga fremu ghorofa ya kwanza katika jengo moja kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, nje kidogo ya katikati ya jiji. Jina lake tuliache, maana majengo ya sampuli hiyo yapo mpaka Iringa na Njombe. Lilipofunguliwa lilipendeza kweli: vigae vinang'aa, mlinzi kavaa sare, chini kuna supamaketi yenye mikokoteni ya kusukuma ambayo watoto waligombania kupanda. Supamaketi ikafunga. Baada ya hapo kila kitu kikaenda kwa mpangilio wake. Duka la viatu likahama, la simu likafuata, mwenye jengo akaanza kubana matumizi, taa za koridoni zikawa zinawashwa jioni tu, choo kikatiwa kufuli na ufunguo akakaa nao mtu ambaye hayupo.

Watu husema jengo lilizeeka. Halikuzeeka, liliachwa na yule aliyekuwa analeta watu. Na hilo haliko Mbeya peke yake. Kampuni ya supamaketi ya Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa wenzao wa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, kampuni nyingine ya Kenya iitwayo Uchumi ikafunga ya kwake mwaka uliofuata, na Nakumatt nayo haikudumu. Kila mmoja alipotoka, wapangaji wadogo waliobaki jengoni walijiona wako kwenye ukumbi ambao harusi imehamishiwa kwingine.

Mtindo huu wenyewe ni wa Marekani. Southdale, lililofunguliwa Edina, jimbo la Minnesota, mwaka 1956, ndilo jengo la kwanza la aina hii lililofungwa lote chini ya paa moja na kuwekewa joto na ubaridi wa mashine, kwa sababu huko theluji haina utani. Mchoraji wake, Victor Gruen aliyetokea Austria, aliweka maduka makubwa mawili, Dayton's na Donaldson's, na yale madogo yakawa yanaokota wateja njiani. Alitaka pembeni pawe na nyumba za kuishi, shule na huduma za afya. Kilichoigwa kila mahali ni maduka na maegesho, na uzeeni Gruen aliyakana majengo hayo hadharani. Sisi tuliiga hicho hicho alichokikana.

Kuna jambo moja la Wamarekani ambalo tungeiga bila aibu. Mikataba mingi ya wapangaji wadogo huko ina kifungu kwamba mpangaji mkubwa akihama, mdogo anaruhusiwa kulipa kodi pungufu au kuondoka kabla ya muda. Mkataba wangu mimi ulikuwa na vifungu vya kunibana kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na cha kumbana mwenye jengo sikukiona.

Sasa nieleze kwa nini nang'ang'ania habari ya ghorofa. Mteja wa kitenge hapandi ngazi. Anasimama chini, anapiga simu: "Dada, shuka navyo bwana, nina mtoto mgongoni." Nashuka na doti kadhaa begani, tunakunjulia pale pale kwenye ngazi, watu wanapita wanatusukuma, mvua ikinyesha vigae vinateleza kama vimepakwa sabuni. Anachukua moja, zilizobaki napanda nazo. Nikifika juu nakuta mwingine alichungulia, hakuona mtu, kaondoka. Na pale chini ya ngazi, machinga katandaza turubai lake na vitenge vile vile nilivyonunua kwa muuzaji wa jumla mmoja na yeye. Simlaumu. Yeye aliwaza mguu wa mteja, sisi tuliwaza vigae.

Lakini kule juu si wote walioumia. Fundi wa suti za harusi alikuwa na foleni. Dada wa saluni ya kusuka alikuwa nayo. Daktari wa meno ndiyo usiseme, maana mtu jino likimuuma hahesabu ngazi. SACCOS ya walimu ilikuwa mwisho kabisa wa korido, na tarehe za mishahara ungewaona wanachama wanapanda wanahema. Hawa wote mteja wao anatoka nyumbani akijua anakwenda kwa nani. Mteja wangu anatoka nyumbani kwenda kununua mchele, kitenge kinamwita njiani. Ukimweka muuza kitenge juu na daktari wa meno chini, umewaharibia wote wawili.

Dar es Salaam walilipia somo hilo kwa bei kubwa. Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa fedha za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, na kwa miaka ghorofa zake zikakaa zikiwa na vizimba vitupu, huku wale waliojengewa wakiuza barabarani nje. Wakubwa wakasema machinga ni wakaidi. Hivi kuna mtu atapanda ghorofani kufuata soksi?

Ndiyo maana mfano ulionigusa kuliko yote niliyowahi kuisoma ni wa Nashville, jimbo la Tennessee. Huko kuna jengo la maduka la miaka ya 1960 liitwalo One Hundred Oaks. Lilipodorora, hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt ikapanga sehemu kubwa, hasa ghorofa ya juu, na mwaka 2009 kliniki zikaanza kufanya kazi humo. Maduka yakabaki chini. Mgonjwa anakuja kwa miadi, ana aliyemsindikiza, na yule msindikizaji hawezi kukaa saa mbili anatazama ukuta.

Hesabu hiyo iletwe Mbeya. Hospitali ya Rufaa ya Kanda inapokea watu kutoka Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe. Mgonjwa mmoja anakuja na ndugu wawili, wamepanda basi usiku, wanahitaji chai, vocha, kanga ya akiba, dawa ya meno. Maabara, kliniki za macho na meno, mazoezi ya viungo: vitu hivi vikae juu kwenye zile fremu zilizojaa popo. Lifti lazima ifanye kazi, au pajengwe njia ya mteremko ya kupitisha kiti cha magurudumu, na hapo ndipo hela ya ukarabati iende kabla haijafika kwenye rangi. Au waje wenye vyuo. Austin, Texas, jengo la maduka la Highland lililofunguliwa mwaka 1971 leo ni kampasi ya chuo. Sisi tuna MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, tuna Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, Chuo Kikuu Mzumbe kina ndaki yake hapa, na masomo ya jioni yanatafuta madarasa kila siku. Mwanafunzi ana hela kidogo lakini anaitumia kila siku: chipsi, kutoa kopi, bando.

Nje ya jengo nako kuna kazi. Lile letu lilirudishwa nyuma, mbele wakaweka uwanja mpana wa kuegesha magari wenye minyororo. Magari yenyewe yalikuwa ya wafanyakazi wa benki. Bajaji zilikatazwa kuingia, eti zinachafua mandhari. Kwa hiyo mama anashushwa barabarani na kiroba chake cha mchele wa Kyela, avuke uwanja mzima juani au mvuani ndipo afike mlangoni. Wangapi watavuka? Lakewood, Colorado, walipobomoa jengo lao la Villa Italia, lililofungwa mwaka 2001, walirudisha mitaa ya kawaida katikati ya kiwanja kile, ikawa na maduka na nyumba za watu, wakapaita Belmar. Sisi hata kubomoa hatuhitaji. Ule uwanja ukatwe, bajaji zipewe njia ya kuingia na kutokea, mbele pajengwe safu ya vibanda vinavyotazama barabara, na machinga wa kwenye ngazi apewe cha kwanza. Mama lishe awekwe upande unaopata jua la asubuhi. Juni na Julai hapa baridi inauma, ukiwa na chai ya tangawizi mahali penye jua watu watakaa, na wakikaa watanunua.

Na wachoraji watuonee huruma na vioo. Naona kila jengo linalokarabatiwa siku hizi linavishwa vioo vya bluu kama liko Posta, Dar es Salaam. Mbeya iko kwenye mwinuko wa kama meta 1,700, upepo wa mlimani unatosha, korido zikiachwa wazi na paa likatokeza vizuri kuzuia mvua hatuhitaji kiyoyozi cha mtu. Hela ya vioo iwekwe kwenye dari, maana bati tupu mvua ya Machi ikipiga, mteja anakutajia bei kwa vidole.

Nimeacha gumu zaidi: wapangaji waliomo watakuwa wapi mafundi wakiwa kazini? Watu wa Mbeya hatulichukulii jambo hili kwa wepesi. Soko la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006, wengi wakahamia eneo la SIDO, nako kukaungua mwaka 2011 na tena 2017. Jengo jipya la Mwanjelwa lilichukua miaka mingi kukamilika, na lilipokamilika malalamiko yakawa kodi. Mtu aliyekuwa na meza ya nyanya akaonyeshwa fremu yenye mlango wa chuma. Sasa ukiniambia "hameni kwa muda", nauliza muda gani, na nani kaandika.

Ukarabati ufanywe kwa vipande. Upande mmoja ufungwe, wengine wabanane upande wa pili, kisha wabadilishane. Unachelewa, ndiyo, lakini mteja hapotezi njia ya kuja. Majina ya wapangaji waliopo yabandikwe ukutani na namba za fremu watakazorudia na kodi yake, kabla ya nyundo ya kwanza. Bila karatasi ile ukutani, siku ya kufungua utakuta dalali anauza kilemba cha fremu ambayo ulikaa humo ukilipa kodi, na mwenye jina kwenye mkataba ni shemeji wa mtu asiyejua hata bei ya kitenge.

Fremu zenyewe zikatwe ndogo, kuta ziwe za kuhamishika. Mwenye biashara ikikua avunje aunganishe mbili. Waya za umeme zivutwe upya zote, kila fremu iwe na LUKU yake na swichi yake kuu, na gari la zimamoto liweze kuzunguka jengo. Hilo sielezi zaidi, aliyeuona moto wa SIDO ananielewa.

Mnaweza kuniuliza kama mimi ningerudi. Mwenye jengo akinipigia nitamuuliza bajaji zinashushia wapi, choo kina maji na ufunguo anao nani, na kodi inalipwa kwa mwezi au bado anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Akiwa na majibu, mzigo wa kujaza fremu ninao.

Muuza vitenge, Ilomba, Mbeya