/boot imejaa: namna ya kuondoa kerneli za zamani kwa usalama

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba Ubuntu yako inagoma kusasishwa kwa sababu /boot, yaani sehemu yenye faili za kuwashia mashine, imejaa, nawe unahofia kufuta kerneli (kiini cha mfumo) za zamani usije ukashindwa kuiwasha mashine.

Kwanza fungua terminali, andika uname -r na unukuu jibu lake, maana hiyo ndiyo kerneli inayotumika sasa na haiguswi. Kisha tazama zilizopo kwa dpkg --list 'linux-image*'. Mistari inayoanza na ii ndiyo iliyosakinishwa, ilhali rc ni mabaki ya faili za mipangilio tu.

Endesha apt -s autoremove --purge (apt ndiyo programu ya kusakinisha na kuondoa vifurushi), ambayo kwa sababu ya -s huonyesha kitakachoondoka bila kuondoa chochote, na uisome orodha yote jina kwa jina. Niliwahi kukubali kwa haraka, ikaondoka programu niliyoitegemea kila siku, kwa kuwa mfumo uliihesabu kuwa tegemezi lisilohitajika tena. Ukiona ya namna hiyo, ilinde kwa sudo apt-mark manual ukifuatisha jina lake (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi). Ukiridhika, rudia ile amri ya autoremove kwa sudo bila -s.

Bakiza kerneli moja ya akiba, na tafadhali usifute faili za /boot kwa rm, kwani apt itaendelea kuamini kwamba zipo.