Jibu: Sintigrafia kwa mtoto anayetoa damu chooni
Mama wa Bukavu, umeuliza kwa nini daktari amemwandikia mwanao wa miaka 2 sintigrafia, yaani picha ya mwili inayopigwa kwa kutumia dawa yenye mionzi, ilhali anatoa damu chooni bila kulalamikia tumbo. Damu isiyo na maumivu humfanya daktari ashuku kifuko cha Meckel, yaani kijifuko cha utumbo mwembamba ambacho mtoto huzaliwa nacho, na ambacho pengine huwa na utando kama ule wa mfuko wa chakula tumboni, unaotoa asidi na kuuchimba utumbo kidonda. Teknetiamu-99m, ndiyo dawa yenye mionzi inayodungwa mshipani, hukusanyika kwenye utando huo, na kamera ya gama, inayonasa mionzi hiyo, huonyesha doa, mara nyingi chini kulia. Mionzi yake hupungua nusu kila saa 6, kwa hiyo usiiogope mno. Hata hivyo, picha isiyoonyesha kitu haitoshi kukiondolea kifuko hicho shaka. Na mtoto akipauka na kulegea, kuongezewa damu hutangulia picha yoyote.