Mpe daktari anayesomea tiba ya familia mtaa wake

Kwenye faili la yule bibi kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza yaliyorudiwa na madaktari wanne, kila mmoja kwa mwandiko wake. Maana yake kwa lugha yetu: hafuati masharti ya dawa. Mmoja wa wale wanne nilikuwa mimi. Presha yake siku hiyo ilikuwa 190 kwa 110, na daktari kijana niliyekuwa namsimamia alikuwa ameshainua kalamu aandike yaleyale kwa mara ya tano.

Nikamwambia aiweke chini. Jioni ile tukaenda nyumbani kwa bibi, Mbagala, tukiongozwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemfahamu. Tukakaribishwa kwenye mkeka. Kijana akauliza kwa adabu kama tunaweza kuziona dawa. Bibi akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akaumwaga juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi za vidonge vilivyokatwa kwa mkasi: hapa viwili, pale vitatu, kingine kimebaki kimoja. Dirisha la dawa la kituo lilikuwa limemwambia mara mbili kwamba dawa imeisha, kwa hiyo ananunua duka la dawa muhimu pale kona kwa kadiri ya hela iliyopo siku hiyo. Vipande viwili vilikuwa na majina tofauti, lakini ilikuwa dawa ileile ya presha, amlodipini, kutoka viwanda viwili. Siku akiwa na hela alimeza vyote viwili, akavimba miguu, akaogopa, akaacha wiki nzima. Na kidonge kimoja kila baada ya siku moja alikuwa anampa jirani yake, "maana na yeye presha inamsumbua, mwanangu, nitamnyimaje?"

Nimesimamia madaktari kwa miaka mingi sasa, na bado nauona ule mkeka kila ninapoulizwa na wenzangu tufundishe vipi madaktari wa familia watakaohudumia watu wa uswahilini. Jibu langu ni moja: wape mtaa. Wodi wataipata tu. Kinachokosekana ni nyumba chache ambazo daktari anazirudia mwaka hadi mwaka, mpaka ajue nani analala chumba kimoja na nani, nani analeta hela, na nani anakula mwisho.

Hapa nchini mafunzo ya ubingwa wa tiba ya familia yalianza mwaka 2004, hapahapa Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Aga Khan. Wengi bado hawaielewi fani hii. Wanauliza bingwa wa nini? Wa moyo? Wa mifupa? Ni bingwa wa mtu na watu wake: mtoto mwenye homa, mama yake mjamzito, babu mwenye kisukari, wote nyumba moja, mara nyingi chumba kimoja. Huwezi kuyajifunza hayo kitandani hospitalini, kwa sababu akifika kitandani mtu ameshang'olewa kwenye kila kitu kinachomwumiza na kila kitu kinachomsaidia.

Tukisema jamii zisizofikiwa na huduma, watu hufikiria kijiji cha mbali barabara ikikatika masika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao wanaiona hospitali kupitia dirisha la daladala kila siku. Yule bibi yuko karibu na huduma. Ana zaidi ya miaka 60, kwa utaratibu wetu mzee asiye na uwezo anasamehewa malipo, lakini hakuna aliyewahi kumwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Hata angesamehewa, msamaha haujazi kabati la dawa. Na foleni ya kutwa nzima kwake ni siku ya vitumbua visivyouzwa. Daktari anayesomea hapa lazima aujue umbali wa aina hii, na aujue kwa miguu yake.

Sasa namna tunavyofanya. Kila daktari anapewa eneo dogo, nyumba kumi hivi, kwa muda wote wa masomo yake. Alhamisi mchana haguswi na kazi nyingine. Kabla ya yote anapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa, anajitambulisha kwa mwenyekiti, kisha kwa mjumbe. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Nimeona timu nzuri ikifungiwa milango kwa sababu ilipita bila kubisha hodi kwa mjumbe, na watu wakaamini wamekuja kupima mambo ya siri.

Mwezi wa kwanza asiandike dawa hata moja. Asikilize. Hapa ndipo vijana wetu wazuri wanaposumbuka zaidi, kwa sababu udaktari wote wameusoma kwa Kiingereza, na wagonjwa wanaumwa kwa Kiswahili. Mama akisema mtoto amepata degedege, ukicheka umempoteza. Kwake hilo ni jambo linaloweza kuwa na mkono wa shetani, na pengine bibi wa mtoto ameshakataza asichomwe sindano. Ukimwambia kwa upole kwamba umemwelewa, kwamba mtoto anayestuka na kukakamaa akiwa na homa anahitaji kupimwa malaria sasa hivi, atakuja. Mwanamke akisema chango, muulize linaanzia wapi, linapanda au linashuka, linakuja kabla ya siku zake au baada. Neno lile moja linaweza kubeba maumivu ya hedhi, ugumba, maambukizi ya nyonga, au ndoa yenye vita. Anayesema presha ya kushuka mara nyingi anakueleza kwamba hajala. Muulize amekula nini tangu jana, usikimbilie kipimo.

Kipimo chenyewe nacho nakisisitiza sana. Mtu ametembea juani, amegombana na konda, amefika anahema, unamfunga mkanda hapohapo na kumpa dawa ya maisha. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, asizungumze. Rudia. Halafu mpime siku nyingine. Nyumbani kwake utashangaa namba zinavyobadilika.

Mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani, nina somo lisilo kwenye ratiba ya chuo chochote ninachokijua. Kila daktari anapita kwa wagonjwa wake wote wa kisukari wanaokusudia kufunga. Anayetumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, akishinda bila kula sukari inaweza kushuka kwa hatari, akaanguka barabarani saa kumi jioni watu wakidhani ni swaumu tu. Wapo ambao dawa yao inabidi ibadilishwe, wapo ambao nyakati za kumeza zinahamia futari na daku, na wapo ambao inabidi waambiwe kwa heshima kwamba wana ruhusa ya kutofunga. Hilo la mwisho daktari asilibebe peke yake. Nenda na imamu wa mtaa. Kijana mmoja wa Kikristo niliyemsimamia aliogopa sana kuingia mazungumzo hayo, na imamu ndiye aliyemshika mkono. Mwaka uliofuata imamu alikuja kumkumbusha yeye kwamba Shaabani imeingia.

Wasimamizi wenzangu hunijibu kwamba hakuna muda, wagonjwa ni wengi, kumtoa daktari mchana mmoja ni kuumiza kituo. Ni kweli, inauma, miezi ya mwanzo hasa. Lakini hesabuni mnaowaona kila wiki kwa tatizo lilelile lisilokwisha. Bibi yule alikuwa amekuja mara kumi na moja kwa mwaka. Tulipopanga dawa moja, kwa jina moja lililoandikwa kubwa kwenye kadi yake, tukamleta jirani yake naye apimwe na afunguliwe faili, tukampeleka kwa ustawi wa jamii, na mfamasia akakubali kumwekea dozi ya mwezi mzigo unapofika, presha ilishuka hadi 142 kwa 86 na safari zake zikapungua. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa.

Kuna mtego mmoja nawaonya vijana wote. Usitoe hela mfukoni. Utatoa mara ya kwanza kwa moyo safi, na utatoa mara ya pili, halafu Alhamisi moja huna, utaona aibu kwenda, na nyumba umeipoteza. Ukiguswa, na utaguswa, njoo uniambie, tutafute njia ambayo itabaki hata ukiondoka.

Maana kuondoka ndiko kunakovunja kazi hii kuliko upungufu wa dawa. Kila daktari wangu ana daftari la mtaa, limeandikwa kwa Kiswahili, lisilotoka kituoni. Mwezi wake wa mwisho hazunguki peke yake: anaongozana na mgeni wake, daktari atakayeupokea mtaa, nyumba hadi nyumba, anamtambulisha, wanakaa. Yule kijana alipomaliza nilikwenda nao kwa bibi. Mgeni, binti mrefu kutoka Songea, akampa shikamoo na kuketi chini kabla hajakaribishwa kiti. Bibi akaitikia marahaba, akamtazama kwa muda, kisha akauliza:

"Na wewe mwanangu utakaa mpaka lini?"

Binti akamtajia mwaka na mwezi. Bibi akaingia ndani kuleta mfuko wake.